Nguvu Ilirudi Kabla ya Nyama

Nilianguka Jumapili usiku, mwishoni mwa Aprili, kwenye ngazi za kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya nne, nikiwa na ndoo ya maji ya lita 20. Wanaokaa hosteli za juu hawahitaji maelezo zaidi. Maji yalikatika tangu Ijumaa, bomba lililokuwa linatoa lilikuwa moja tu kule chini, na ngazi zilishalowa kwa maji ya walionitangulia. Nilitanguliza mkono wa kulia. Niliusikia kabla ya kuuhisi.

Hospitali walipiga picha wakaniambia mfupa wa kigasha umevunjika karibu na kifundo cha mkono, ile namna inayowapata watu wengi wanaoanguka wakatanguliza kiganja. Haukuhama sana, kwa hiyo hakuna kisu. Ila hogo wiki 6.

Nilipiga hesabu palepale kitandani. Wiki 6 zinaishia katikati ya Juni. UE zinaanza wiki ya pili ya Julai. Baada ya UE ni TP. Mimi ni wa ualimu, mwaka wa pili, Biolojia na Jiografia, na mkono ninaoandikia ni huohuo. Yaani saa 3 za mtihani wa kujieleza, mara masomo yote, halafu wiki kadhaa za kusimama mbele ya watoto na kuandika ubaoni. Mwenzangu wa chumbani alinichapia barua ya kuahirisha mwaka, ikabaki kusainiwa tu. Nilipompigia mama hakusita hata kidogo: "Mwanangu, mwaka mmoja si kitu. Mkono ni kitu." Lakini mdogo wangu anaingia kidato cha tano, na nyumbani tulishakubaliana kupokezana: mimi nikimaliza ndipo yeye apande. Mwaka wangu mmoja ulikuwa pia mwaka wake. Barua nikaiweka kwenye begi bila saini.

Wiki ya pili nilirudi kliniki wakaniangalia vidole kama vinapata damu. Kaka wa fiziotherapia pale akaniuliza mkono wa kushoto unafanya nini. Nikamwambia haufanyi kitu, haukuvunjika. Akasema, "Basi huo ndio wa kuufanyisha mazoezi." Nilicheka. Nilidhani ananitania, kama fundi anayekwambia tairi la mbele limepasuka kwa hiyo tujaze upepo la nyuma. Hakucheka. Alinielekeza nichukue dumu, nilaze kigasha cha kushoto juu ya meza kiganja kikitokeza nje, nilishushe na kulipandisha kwa kifundo cha mkono tu. Kisha nilishike dumu zito zaidi likining'inia mpaka vidole vikaribie kuachia. Alisisitiza uzito. Liwe zito kiasi kwamba ukifika mara ya 8 au ya 10 unaona wazi unakaribia kushindwa. Dumu jepesi la kupunga hewani halitanisaidia. Mara 3 kwa wiki.

"Na wa kulia?"

"Wa kulia utasikiliza."

Kiukweli niliyafanya kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Dumu la lita 5 la mafuta ya kula kwa kifundo, la lita 10 kwa kushika. Chumba kizima kikapata burudani. Nikaitwa baunsa. Dada mmoja wa jirani alikuwa akipita mlangoni ananiuliza kama nimepata kazi ya mlango wa klabu. Jioni nikapima mkono kwa futi ya fundi cherehani, kushoto sentimita 23, nikaandika kwenye daftari kwa herufi za mkono wa kushoto zilizofanana na za mtoto wa chekechea.

Mwanzoni mwa Mei tangazo likabandikwa ubaoni: mwanafunzi wa uzamili anatafuta watu wa kujitolea kupimwa umeme wa misuli ya mkono. Nilikwenda nikiwa na hogo langu, nikijua atanifukuza. Nikasema shikamoo dada, akaitikia, akaangalia hogo, akafikiri kidogo. Alisema kwenye utafiti wake siwezi kuingia, kwa sababu anahitaji watu wasio na jeraha, ila kama nataka atanipima kwa faida yangu mwenyewe, na asingeziingiza namba zangu popote. Hayo makubaliano aliyaheshimu mpaka mwisho.

Alinipa kwanza chuma cha kuminya kinachoandika kilo. Kushoto nilipata 24. Kisha akanisugua ngozi ya kigasha kwa spiriti, akabandika elektrodi ndogo juu ya misuli inayokunja vidole, akaniambia niminye. Kwenye skrini mstari uliokuwa umelala ukalipuka kuwa msitu. Nikaachia, ukalala. Nikaminya kidogo, vichaka. Nikaminya kwa nguvu zote, msitu tena.

Hapo nilifanya kosa ambalo nadhani wengi tungefanya. Nikasema, "Kumbe hii ndiyo nguvu yangu." Akatikisa kichwa. Kilo ndizo zinazosema nguvu yako, akasema, hii mashine inasikiliza amri.

Mnakumbuka ile mada ya sekondari, sodiamu inaingia potasiamu inatoka, tuliyoikariri bila kuipenda. Ndiyo hiyo. Neva moja ya mwendo inatoka kwenye uti wa mgongo, inafika kwenye msuli na kugawanyika, na kila tawi linashika uzi mmoja wa msuli. Neva na nyuzi zake ni kikosi kimoja: neva ikiamrisha, nyuzi zake zote zinavuta, hakuna uzi unaobaki nyuma. Kwenye misuli ya jicho kikosi kinaweza kuwa na nyuzi kama 10 tu. Kwenye misuli mikubwa ya mguu zinafika elfu na zaidi. Kila amri ikipita juu ya nyuzi huacha wimbi dogo la umeme, dogo hasa, la kupimwa kwa milivolti na mikrovolti, na elektrodi juu ya ngozi huyasikia mawimbi ya vikosi vingi yakiwa yamechanganyika. Huko ndiko kunaitwa elektromiografia.

Ukitaka nguvu zaidi, ubongo una njia mbili: kuita vikosi vingi zaidi, au kuharakisha amri kwa vile vilivyokwisha kuitwa. Na wito una utaratibu. Elwood Henneman, Mmarekani, alionyesha miaka ya 1950 na 1960 kwamba vikosi vidogo huitwa kwanza na vikubwa mwisho. Kushika kalamu unaita watu wachache wa nyumba ya jirani. Kubeba ndoo ya lita 20 mpaka ghorofa ya nne unaita kijiji, na wale wababe wa mwisho hawatoki nje mpaka wasikie kilio cha kweli. Ndiyo maana yule kaka wa kliniki alikataa dumu jepesi.

(Kitu kimoja nilikipenda nilipoanza kusoma historia ya mambo haya. Katikati ya karne ya 19, mjini Berlin, Emil du Bois-Reymond alikuwa akichovya mikono kwenye vyombo vya maji ya chumvi vilivyounganishwa na galvanomita, akikaza mkono mmoja ili aone sindano ikicheza. Ngozi ilimzuia, maana inapunguza sana umeme unaotoka. Akajitia malengelenge, akaondoa ngozi ya juu, akapima penye kidonda. Sindano ikacheza zaidi. Mimi nililalamikia spiriti.)

Sasa turudi kwenye lile lililonichekesha, mkono mmoja kufundishwa na mwingine kusikiliza. Nilidhani ni jambo jipya. Ni la 1894. Edward Scripture, mwanasaikolojia wa chuo cha Yale, Marekani, na wenzake walimfanyisha mwanamke mmoja zoezi la kuminya kwa mkono wa kulia siku baada ya siku. Mkono wa kushoto, ambao haukuguswa, uliongezeka nguvu kwa zaidi ya theluthi. Mtu mmoja tu huyo, na namba za mtu mmoja si za kutegemea, lakini baada yake wamekuja wengi na jambo limesimama. Ukijumlisha tafiti za miaka ya baadaye, upande usiofanya mazoezi hupata kama asilimia 8 ya nguvu uliyoanza nayo, karibu nusu ya kile ulichopata upande uliotoka jasho. Haliendi popote ovyo: msuli ni uleule, upande wa pili. Na zipo tafiti zilizofanywa kwa watu waliofungwa mkono mmoja makusudi, zikaonyesha kwamba wakifanyisha mazoezi mkono ulio huru, ule uliofungwa hupoteza nguvu kidogo zaidi kuliko wa wasiofanya kitu.

Scripture aliliita jambo hili elimu inayovuka. Elimu! Mtu wa ualimu nikalisoma neno hilo mara mbili. Maana hakuna nyama iliyovuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, wala damu. Kilichopata kitu ni mwenye kutoa amri. Na kwa kuwa ubongo ni mmoja kwa mikono yote miwili, ukijifunza kuamrisha upande huu, sehemu ya somo hubaki kwa ajili ya upande ule.

Nikawa na ari ya ajabu. Nilisoma pia kuhusu Yue na Cole, waliochapisha mwaka 1992 kwamba watu waliokaa wiki 4 wakiwaza tu wanasukuma kwa kidole kidogo cha mkono, bila kukisogeza, waliongezeka nguvu kwa asilimia 22, na waliosukuma kweli wakaongezeka kwa 30. Basi kwenye lekcha za saa nane mchana, zile mnazozijua, nilikuwa nakaa nyuma nikiminya limau kwa mkono uliomo ndani ya hogo, kichwani tu. Mhadhiri aliniona nimekaza uso akadhani namfuatilia. Samahani, mwalimu.

Hogo likakatwa katikati ya Juni. Aliyewahi kukatwa hogo anajua. Kilichotoka mle hakikuwa mkono wangu. Kilikuwa kitu chembamba, chenye magamba, chenye harufu, na kilinyanyuka chenyewe kama puto kwa kuwa kilizoea uzito. Futi ya fundi ikasema sentimita 21. Kushoto kulikuwa bado 23, pamoja na mazoezi yote ya dumu, ila kwenye chuma cha kuminya kushoto kulikuwa kumetoka kilo 24 kufika 29. Kwa hiyo mkono wa kushoto uliongezeka nguvu bila kuongezeka unene hata kidogo ambao futi ingeweza kuuona. Hilo nililiandika kwenye daftari na kulipita, sikulipa uzito. Macho yangu yalikuwa kulia.

Kulia nilipata kilo 8.

Nilijaribu kuandika jina langu. Kalamu ilikaa, lakini baada ya mistari 3 mkono ukaanza kutetemeka na maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. UE zilikuwa zimebaki wiki 3 na siku. Nikaitoa ile barua kwenye begi, nikaiangalia, nikairudisha.

Kaka wa fiziotherapia akanipa ratiba: kukunja na kukunjua kwanza, maji ya uvuguvugu, kisha kuminya kitambaa, kisha mpira, kisha chupa ya nusu lita, kila hatua kwa ruhusa yake. Aliniambia waziwazi kwamba sehemu ya udhaifu wangu ni msuli uliosinyaa, na sehemu nyingine ni ubongo uliokaa wiki 6 bila kuuita mkono huo na sasa unauogopa. Maumivu hupunguza amri. Hofu pia. Nyama itachukua miezi, akasema, lakini amri huwahi.

Siku chache kabla ya UE nilirudi kwa dada wa maabara. Alikuwa amenipima kulia siku mbili baada ya hogo kukatwa, akaweka alama za kalamu ya wino mzito pale elektrodi zilipokaa na kuzipiga picha kwa simu, ili safari ya pili zikae palepale. Zoezi lilikuwa rahisi: niminye kilo 5 nishikilie, halafu nipumzike, halafu niminye kwa uwezo wangu wote.

Niliminya kilo 5. Akaweka mchoro wa siku ile na wa leo pamoja. Wa leo ulikuwa mfupi. Ulikuwa mfupi waziwazi, hata mimi niliuona: siku ile kilo 5 zilikuwa zimetoa msitu, leo zimetoa vichaka.

Moyo ulishuka. Wiki 3 za kitambaa na mpira na chupa, na umeme umepungua. Nikajua nimerudi nyuma. Nikamwambia dada, "Basi naahirisha," na nilikuwa namaanisha. Nilikuwa nishaanza kutafuta kalamu.

Akaniambia nikae. Akaniambia niminye kwa nguvu zote kwanza, ndipo niseme ninachosema. Nikaminya. Chuma kikaandika 16, na mchoro wa safari hii ulikuwa mrefu kuliko mchoro mrefu kabisa wa siku ile.

Akanieleza taratibu, kama ambavyo ningependa kuwaeleza watoto wangu darasani. Siku ile uwezo wako wote ulikuwa kilo 8. Kuminya 5 kulikuwa zaidi ya nusu ya ukoo wako, kila mtu alitoka nje. Leo uwezo wako ni 16. Kilo 5 ni chini ya theluthi. Unaita wachache, wengine wamelala, kwa hiyo mashine inasikia kelele kidogo. Kelele kidogo kwa mzigo uleule ni habari njema. Na ukitaka kujua kama amri yenyewe imekua, angalia pale unapoita wote.

Kisha akatoa futi yangu mwenyewe kwenye begi langu, akapima. Sentimita 21 na nukta. Nguvu mara mbili, unene uleule.

Hapo ndipo aliponisimulia kuhusu Moritani na deVries, waliochapisha kazi yao mwaka 1979, na baadaye niliitafuta mwenyewe. Walichukua watu, wakawafanyisha mazoezi mkono mmoja, misuli ya kukunja kiwiko, wiki 8, huku wakipima nguvu, unene na umeme. Ujanja wao ulikuwa kuangalia uhusiano wa umeme na nguvu badala ya umeme peke yake. Kama nguvu imepanda kwa sababu amri imekua, umeme wa juu kabisa nao utapanda, na kila kilo itaendelea kugharimu umeme uleule. Kama nguvu imepanda kwa sababu msuli umenenepa, basi kila kilo itagharimu umeme kidogo, maana nyuzi zilezile zinavuta zaidi. Walichokiona ni kwamba wiki za mwanzo nguvu nyingi ilitoka kwenye amri, na unene ukaanza kuongoza baada ya wiki kama 3 mpaka 5. Na mkono wa pili, ambao haukuinua kitu, nao uliongezeka nguvu, bila unene wowote. Amri tupu.

Wapo waliokuja na vifaa vizuri zaidi. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 ulitumia elektrodi nyingi zilizopangwa kama kitambaa juu ya msuli wa mbele wa mundi, ukaweza kuvitenganisha vikosi na kusikiliza neva moja moja. Baada ya wiki 4 tu za mazoezi, neva zilikuwa zinatoa amri kwa kasi zaidi na zinaitika mapema zaidi. Na vipimo vya picha vimeonyesha pia kuwa msuli unaweza kuanza kunenepa mapema kidogo kuliko ilivyodhaniwa zamani. Lakini mpangilio haujageuka: amri hutangulia.

Nina mwenzangu wa darasa aliyeanza kunyanyua vyuma vya zege pale nyuma ya hosteli za wavulana Januari, akaacha Februari. Nilimuuliza kwa nini. Akasema haoni kitu, mikono ya shati inamkaa vilevile. Nikamuuliza alianza na kilo ngapi na aliachia ngapi. Alikuwa ameongeza karibu nusu. Alikuwa ameshapata, ila alikuwa anapima kwa kioo.

Naogopa sasa msomaji atatoka hapa akadhani umeme ndio kila kitu, kwa hiyo niseme na yale dada aliyonionya, na alinionya kwa ukali. Elektrodi ikihama sentimita moja au mbili mchoro unabadilika. Mafuta chini ya ngozi yanapunguza. Jasho linaharibu. Msuli wa jirani ukivuta unasikika kama wako. Mawimbi ya vikosi mbalimbali yakigongana, la juu na la chini, yanafutana, kwa hiyo kelele mara mbili haimaanishi vikosi mara mbili. Hata kwangu, ingawa alama za wino zilikuwepo, alikataa kulinganisha namba za umeme za siku mbili moja kwa moja. Alichoniruhusu kuamini ni kilo, na uwiano wa mchoro wa kilo 5 kwa mchoro wa nguvu zote wa siku ileile. Wale jamaa wa video wanaoonyesha mistari ya rangi na kusema zoezi hili linajenga msuli kuliko lile kwa kuwa mstari ni mrefu, wanaruka hatua. Mstari mrefu wa leo hausemi msuli gani utanenepa baada ya miezi 3.

Na dumu la kushoto? Lilinisaidia kulia? Sijui, na sitajua. Ili nijue ningehitaji mkono wa tatu, uliovunjika siku ileile kwenye ngazi zilezile, ukafungwa na kukaa bila mwenzake kufanya mazoezi. Tafiti zinanipa sababu ya kuamini kwamba zile kilo 8 zingekuwa pungufu. Ninaloweza kuapia ni kwamba wiki zile 6 zingekuwa ndefu sana bila dumu.

Barua niliichana palepale maabara, nikamwomba dada pipa la taka. UE ya kwanza ilikuwa ya saa 3. Niliandika dakika 20, nikapumzisha mkono dakika 2 juu ya paja, nikaandika tena, na kwa maswali ya kuchora nilichora vibaya. Somo moja nimepata sapu. Siulaumu mkono, lile somo sikulielewa hata nilipokuwa mzima.

TP nilipelekwa shule ya mkoani, kidato cha pili, darasa la watoto zaidi ya 80. Kumbe kuandika ubaoni kunachosha bega kuliko vidole, na bega langu lilikuwa halina tatizo. Chaki ndiyo ilinishinda, ni fupi na inataka kubanwa. Kipindi cha kwanza nilifika nusu ya ubao, vidole vikaanza kucheza, nikahamishia chaki kushoto na kuendelea na herufi zangu za chekechea. Darasa likanyamaza, kisha mtoto wa nyuma akasema, "Madamu anaandika kote kote!" Wakapiga makofi. Sikuwaeleza kitu siku hiyo. Mada ilikuwa mmeng'enyo wa chakula.

Juzi nimejipima kwa futi: kulia 22, kushoto 23. Dumu la lita 10 liko chini ya kitanda, mwenzangu wa chumbani analijaza kila Alhamisi, maana Ijumaa maji yanakatika, na sasa kulipandisha tunapokezana ghorofa kwa ghorofa.